Chai ya Kijivu ya Ndalu

Niliipenda chai ya kijivu ya kijiji cha Ndalu. Nimelikana jambo hilo mbele ya watu wengi: mbele ya fundi Hamisi, aliyekuwa na haki ya kujua, mbele ya ofisa wa Bungoma, aliyekuwa akitafuta sababu ya kutufungia kazi, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa wataalamu wa maji, ambako mtu aliniuliza kama maji yenye chuma yana ladha mbaya sana, nami nikajibu kwa sauti ya mtu aliyeteseka kwamba hayanyweki. Yananyweka. Nilikunywa chai ya maji hayo kikombe baada ya kikombe mwaka ule wote, huku kazi niliyoajiriwa kuifanya ikiwa ni kuiondoa duniani.

Hamisi alifariki mwezi uliopita. Nilienda Matisi, mtaa wa Kitale, kwa ajili ya hitima na nikaikuta nyumba ileile, pazia lilelile la maua kati ya sebule na ua, na ule mlango wa bati wa chumba changu cha zamani ukiwa umepakwa rangi ya samawati, kama mtu mzima aliyeamua kupendeza uzeeni. Mjane wake, Mama Zuhura, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Alinisogezea kikombe cha chai ya tangawizi, chai yenye rangi inayotakiwa na watu wenye akili, kisha akaniinamia. Upande wa pili wa pazia wanaume walikuwa bado wanasoma. "Sasa mwenyewe ameshatangulia," akaninong'oneza. "Niambie mimi. Ile chai ya Ndalu uliipenda, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Mama Zuhura akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na jirani mmoja aliyedhani ni kilio akakimbia kumletea maji. Alikuwa anacheka. "Alijua," akasema alipopata pumzi. "Alijua siku ileile. Alisema, huyu binti ana uso usiojua kudanganya na mdomo usiojua kusema kweli." Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na kwa kuwa marehemu hawezi tena kunibishia, naona ni afadhali niyaandike yote mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati shahada ya chuo kikuu bado ilikuwa inatiwa fremu na kutundikwa sebuleni, ingawa tayari ilikuwa haimpatii mtu kazi. Yangu ilikuwa ya kemia. Shirika moja dogo lenye ofisi Bungoma lilikuwa limechimba visima virefu vya pampu ya mkono upande wa Tongaren, na kisima cha Ndalu kikawa kimetoa maji yenye chuma kingi kiasi kwamba watu walikionja, wakafua nguo mara moja, kisha wakarudi mtoni. Mtu fulani ofisini alikuwa amesikia kwamba umeme unaweza kuvuta madini kutoka majini, wakatafuta mtaalamu. Walinipata mimi. Utaalamu wangu wote ulikuwa mradi wa mwaka wa mwisho chuoni, ambapo nilifaulu kusafisha maji ya kujaza bilauri moja, na bilauri yenyewe ikapasuka kabla mhadhiri hajaiona. Sikuona sababu ya kuwaeleza habari ya bilauri. Waliniambia nitafute karakana Kitale, ambako kuna mafundi na vyuma chakavu, nijenge mashine, niipeleke Ndalu.

Hamisi alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma na chumba cha kupangisha nyuma yake, kwa hiyo nikapata vyote viwili kwa mazungumzo ya asubuhi moja. Kati ya chumba changu na jikoni kwao kulikuwa na ukuta wa mabati tu, na ukuta wa mabati hauna siri. Nilimsikia akipiga mluzi akitia udhu kabla ya adhana kumalizika, nikamsikia mkewe akimkemea kwamba udhu haupigiwi mluzi. Nilisikia maandazi yakiingia kwenye mafuta. Wiki ya kwanza nilimsikia Mama Zuhura akiuliza yule binti wa chuo anataka kutengeneza nini hasa, na Hamisi akajibu, "Anataka kuyapiga maji shoti mpaka yatubu." Mkewe akauliza kama anajua anachokifanya. Kijiko kikagonga sufuria. "Anajua kukieleza," Hamisi akasema. Nimepewa sifa nyingi tangu siku hiyo, kutoka kwa watu wenye vyeo, na hakuna hata moja iliyonipima sawasawa kama hiyo. Kesho yake akaanza kuniita Profesa, na hakuniita jina jingine hadi mwisho.

Mashine yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa tangi, na ndani yake mabamba ya alumini yaliyoning'inizwa wima karibu karibu kama nguo kabatini, moja likiungwa upande mmoja wa betri ya gari na la pili yake upande mwingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Betri ilichajiwa na kioo cha sola. Umeme ukipita, bamba linaanza kuyeyuka polepole sana, na ile alumini inayotoka inakikusanya chuma kilichojificha ndani ya maji, vinashikana vikawa mabonge madogo ya rangi ya kutu. Mapovu yanayosababishwa na umeme huo huo yanayapandisha mabonge juu. Unaliengua povu, maji yanayobaki unayapitisha kwenye mchanga, na unapata maji ya kunywa. Nilimweleza Hamisi hivyo, akasimama na mkasi wake wa bati mkononi. "Kwa hiyo mashine inajila?" Nikamwambia ndiyo, mabamba ni kama sabuni, yakitumika yanaisha, lazima yabadilishwe. "Na yasipotumika?" Nikamwambia yasipotumika yatakaa hapo hadi kiyama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hiyo ndiyo mashine ya kwanza aliyowahi kusikia ambayo uzima wake ni dalili mbaya.

Tulipoipeleka Ndalu kwa pikapu yake, mtu wa kwanza tuliyepaswa kumwona alikuwa Mama Nafula, mwanamke mjane aliyelitoa shamba lake kisima kichimbwe. Alikuwa mrefu, mwenye kutembea kama mtu aliyebeba kitu kichwani hata asipobeba. Majirani wote waliporudi mtoni, yeye peke yake alibaki na maji ya kisima, kwa sababu ukishatoa ardhi yako mbele ya watu huwezi kutembea mbele ya watu hao hao na mtungi kuelekea mtoni. Alizipiga pasi nguo zake zilizogeuka rangi ya kutu, akazivaa kanisani kichwa juu. Na alinipikia chai. Kwake, kama katika nyumba nyingi za huko, mgeni hasemi lililomleta kabla ya kunywa, na mgeni asiyemaliza kikombe amesema tayari, wala si jambo zuri. Maji yale yakitoka kwenye pampu ni meupe kabisa. Chuma kimo ndani lakini hakionekani mpaka maji yakae. Yakikutana na majani ya chai, ndipo siri inapotoka: chai inageuka nyeusi kama wino, na ukitia maziwa inakuwa kijivu, rangi ya majivu yaliyonyeshewa. Nilikiangalia kikombe. Nikafunga macho, nikanywa kwa adabu. Kilikuwa na moshi wa jikoni, sukari nyingi, na nyuma yake kitu kama kulamba kitasa cha mlango siku ya mvua. Nikamaliza. Nikaongezewa. Cha pili sikufunga macho. Alipouliza chai yake ikoje, nikasema ni tamu sana, na hadi leo ningeapa kwamba wakati huo nilidhani nasema kwa adabu tu.

Kosa langu la pili, baada ya kuisifu chai, lilitokea siku ya kuonyesha mashine. Hamisi alikuwa ametaka kutumia pipa la kawaida, lakini mimi nikashikilia tupate tangi la plastiki linaloonyesha ndani, ili wananchi waione sayansi kwa macho yao. Wakaiona. Walikuja wengi, wakasimama kuzunguka tangi. Nikapiga pampu, maji yakaingia meupe kama machozi. Nikaunga betri. Baada ya muda yakaanza kutia ukungu, kisha yakawa ya manjano, kisha povu zito la kahawia likapanda juu na kutanda kama uji uliochacha. Nami nimesimama kando yake nikitabasamu, mkono umeelekea kwenye uchafu ule kama mtu anayetambulisha mchumba. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Kijana mmoja akasema ati mashine inaendesha, inahitaji dawa ya tumbo, na watu wakacheka hadi wakashikana. Nilieleza kwamba uchafu ulikuwamo tangu mwanzo. Lakini jicho limeshuhudia: maji meupe yameingia, tope limetoka. Kuna darasa gani linaloweza kushindana na hilo?

Mama Nafula hakucheka. Alingoja watu wanyamaze. "Maji imetoka kwa shamba yangu ikiwa safi," akasema. "Nyinyi wote mmeona. Imeingia kwa hii kitu ndio imechafuka. Sasa ni maji yangu iko na makosa ama ni hii mashine?" Hamisi akaanza kusema kwamba maji yale hayafai chai. Ndipo Mama Nafula akaninyooshea kidole, bila ukali wowote, kama mtu anayemwita shahidi wake. "Muulize huyu. Amekunywa kwangu, hiyo maji haijapita popote. Amemaliza, ameongeza, amesema ni tamu. Si ulisema?" Kila mtu akanigeukia. Nikasema nilikunywa kwa adabu. Njiani kurudi Kitale, Hamisi akiwa kwenye usukani akauliza, "Uliisifu?" Nikamwambia nilimheshimu mwenyeji. "Sikuuliza kuhusu mwenyeji, Profesa. Nimeuliza kuhusu chai." Nikakana. Akapiga mluzi hadi Matisi.

Ofisa wa Bungoma, kijana mwenye tai aliyekuwa na visima vingine vya kufikiria, akatoa uamuzi wake bila chuki. Mashine iachwe pale hadi kabla ya Krismasi. Ikiwa kufikia hapo watu hawanywi maji ya kisima kile, pampu itang'olewa, shimo lizibwe, na pampu ipelekwe mahali panapohitajika. Hakukuwa na la kumbishia. Lakini mto ulikuwa unawapa watu homa ya matumbo kila msimu wa mvua, na ningali nakumbuka miguu ya watoto waliokuwa wakirudishwa kutoka zahanati mgongoni mwa mama zao, ikining'inia. Pampu ikiondoka, hata Mama Nafula, na kiburi chake chote, angeshuka mtoni na mtungi. Nilikwenda Ndalu kila wiki kuiwasha mashine. Maji masafi yalijaa kwenye tangi la mchanga na hakuna aliyeyachota. Mabamba yalibaki manene na yenye kung'aa. Hamisi alikuwa akiniuliza jioni, "Mgonjwa wetu?" nami nikimjibu kwamba, kwa bahati mbaya, hajambo.

Tulihamishia vitu vyote ndani ya pipa la bati lenye kifuniko, kama alivyotaka tangu mwanzo. Ilikuwa tumechelewa, watu walishajua kilichomo. Na kila wiki, baada ya kuwasha mashine, nilikaa jikoni kwa Mama Nafula nikanywa chai. Nilijiambia ni diplomasia. Jiko lilikuwa la mafiga matatu, ukuta umepakwa udongo mwekundu hadi usawa wa kiuno, na kigoda changu kilikuwa karibu na mlango ambapo moshi ulinipitia kabla ya kutoka. Tulizungumza kuhusu mahindi, kuhusu mhubiri aliyekuwa na viatu vizuri kupita kiasi, kuhusu binti yake Nafula aliyekuwa amepata mchumba kutoka Naitiri. Kuhusu maji hatukusema. Sasa nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule, naona kwamba alikuwa ananisubiri. Mtu aliyejifunga kwa maneno yake mbele ya kijiji hawezi kufunguliwa kwa hoja. Anahitaji mlango wa kutokea ambao unaonekana kama alikuwa anauendea tangu mwanzo.

Mlango ulikuja na wakwe. Upande wa mchumba ulituma habari kwamba watafika kuzungumza, wazee na shangazi zao, na Mama Nafula akaniagiza nije nisaidie jikoni, kwani msichana anayekunywa chai ya mtu kila wiki hawezi kuwa mgeni siku ya kazi. Nilifika asubuhi nikakuta kuku wananyonyolewa na shangazi wa Nafula wakibishana kuhusu viti. Nikapewa chai. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na mpango. Kweli ni kwamba sufuria kubwa ilikuwa moja, haikuwatosha wageni wote, nikaazima nyingine kwa jirani. Sufuria ya kwanza nilishaijaza maji ya pampu, na nilipotoka kuijaza ya pili, pampu ilikuwa na foleni ya wasichana wanaoosha vyombo, na tangi la mchanga la mashine, kama siku zote, lilikuwa limejaa na halina mtu. Nikachota hapo. Nikaweka sufuria zote mbili motoni, maziwa ya ng'ombe mmoja, majani ya pakiti moja, nikafunika.

Nilipofunua, wanawake walisogea mmoja mmoja kutazama. Sufuria ya kushoto ilikuwa kijivu, ile rangi tuliyoizoea. Ya kulia ilikuwa kahawia yenye wekundu, kama mgongo wa ng'ombe mwenye afya. Shangazi mmoja akauliza kwa wivu hayo maziwa mazito nimeyatoa wapi. Nikamwambia maziwa ni yale yale, majani ni yale yale, na mpishi ni mmoja. Mama Nafula alikuja akasimama juu ya sufuria zile. Nje wageni walikuwa wameanza kuingia, tulisikia salamu zikipokewa na viti vikivutwa. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akachukua chupa za chai, zile kubwa zenye maua, akazijaza zote kutoka sufuria ya kulia, akampa Nafula apeleke sebuleni. Akarudi. Akachukua vikombe viwili, akavijaza kutoka sufuria ya kushoto, kimoja akanipa. "Hii ni yetu," akasema, akakaa kwenye kigoda kando yangu.

Tulikunywa tukisikiliza. Sauti ya mzee mmoja ikapenya kutoka sebuleni, ikiuliza hii chai imepikwa na nani, kwani kwake Naitiri haipikwi hivi, na vicheko vikafuata, vile vicheko vya watu walioanza kuelewana. Mama Nafula aliposikia hayo alipata uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote: nusu fahari, nusu kama mtu aliyesikia mwanawe akimsifu mama wa kambo. Mimi nilikuwa nimemaliza kikombe. Nikajikuta nakinyoosha kiongezwe. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. "Wewe unapenda hii kweli," akasema. Nikamwambia hapana, ni adabu tu. "Mm," akasema, akanijazia.

Hakusema neno kuhusu mashine siku hiyo. Kabla sijaondoka nilimwonyesha Nafula jinsi ya kuunga betri, waya mwekundu wapi na mweusi wapi, na jinsi ya kuengua povu, nikamkumbusha kwamba mabamba huisha kama sabuni. Alisikiliza kwa makini ya mtu mwenye haraka ya kurudi kwa mchumba. Kisha mvua za mwisho zikaharibu barabara, pikapu ya Hamisi ikavunjika springi, nami nikakwama Matisi. Sikuwa na njia ya kujua chochote. Mama Nafula hakuwa na simu, na kwa jinsi nilivyomfahamu, hata angekuwa nayo asingepiga kunifurahisha. Nilisikia kupitia ukuta wa mabati Mama Zuhura akimwuliza mumewe kama wanapaswa kunitafutia kazi ya ualimu, na Hamisi akisema ngoja kwanza. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilikuwa nafungasha virago kwenda Nairobi kwa furaha. Huo nao ni uongo, ila mdogo.

Siku za mwisho kabla ya Krismasi ofisa wa Bungoma alifika karakanani. Springi ilikuwa imetengenezwa, naye alikuwa ameikodi pikapu ile ile pamoja na Hamisi mwenyewe ili wakaing'oe pampu. Hamisi alikuwa ameshapakia minyororo na mabomba ya kuinulia, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kazi. Mama Zuhura aliwapa chai na maandazi. Ofisa alikuwa anasema maneno mema kuhusu juhudi zangu, maneno ya aina inayosemwa makaburini, wakati simu yangu ilipoita. Namba sikuijua. Ilikuwa simu ya jamii ya sokoni Ndalu, ile ambayo mwenye kibanda anakuhesabia dakika kwa sauti.

"Mulembe," sauti ikasema. "Ni mimi. Sina dakika mingi."

Nikamjibu salamu yake, nikaketi juu ya ndoo ya misumari.

"Ile mabati yako imeisha," Mama Nafula akasema.

Nikamwuliza imeisha namna gani.

"Imeliwa. Imebaki matundu matundu kama sukuma wiki iliingiliwa na kuku. Si ulisema ni kama sabuni? Hawa watu wanakunywa kama ng'ombe. Tangu wale wakwe waondoke na kutangaza, mitungi imejaa hapa mpaka kwa barabara, hata wa mto wamerudi. Leo Nafula ameunga ile waya, maji imekataa kubadilika, sasa wamesimama wananiangalia ni kama ni mimi nimekula hiyo mabati. Lete ingine. Lete leo."

Nikaziba simu kwa kiganja nikamwambia Hamisi kwamba mabamba yameisha. Alishusha minyororo kutoka kwenye pikapu, yote kwa mkupuo, ikaanguka chini kwa kelele iliyomfanya ofisa aruke na andazi lake, kisha akaingia ndani akatoka na mkasi wa bati na karatasi nzima ya alumini, akianza kukata kabla hajaiweka mezani. Ofisa alituangalia mmoja baada ya mwingine. Mama Zuhura akamwongezea chai.

Nikairudisha simu sikioni, nikamwambia Mama Nafula tunakuja.

"Kuja," akasema. Nyuma yake nilisikia mwenye kibanda akimwonya kwamba muda unakwisha. "Na wewe usikuwe na wasiwasi. Ya kwako nimechota kando, kabla ipite kwa mashine. Najua ile unapenda."

Nilifungua mdomo nikane, lakini dakika zake zilikuwa zimekwisha.